Pasi ya Makaa Juu ya Mlima

Halima aliniharibia kilio. Tulikuwa tumeketi kwenye viti vya plastiki nje ya nyumba ya Mama Otieno, jirani yangu wa zamani mtaani Jericho, aliyefariki mwezi uliopita akiwa amekula chumvi nyingi, na mimi nilikuwa nimeutengeneza uso wangu wa huzuni sawasawa, kitambaa mkononi, shingo upande. Mara akapenya katikati ya watu mwanamke mnene wa buibui jeusi, akasimama mbele yangu, akanitazama kuanzia viatu mpaka kilemba, kisha akauliza kwa sauti ya mtu aliyezoea kuita wateja: "Nafula! Ile pasi bado unaibeba?" Nilijaribu kukohoa ili kicheko kifanane na kilio, lakini kilinitoka puani, na mwenyekiti wa mazishi akanikata jicho. Wajukuu wa marehemu wakasogeza viti, wakataka kujua ni pasi gani. Halima, ambaye leo ana duka la mahema na mabegi ya safari kule Eastleigh, na anaweza kukuuzia hata baridi yenyewe, akawasimulia yeye kwa namna yake, na katika masimulizi hayo shujaa alikuwa Halima. Ndiyo maana nimeamua kuandika. Nimenyamaza miaka mingi, na nimeona kwamba ukinyamaza sana watu hukusimulia wao wenyewe, tena vibaya.

Habari za nilikozaliwa na jinsi nilivyofika kwa Shangazi nitaziacha, kwa sababu ni ndefu na hazichekeshi. Inatosha kujua kwamba mwaka huo nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, nikikaa na Shangazi katika chumba kimoja kilichogawanywa kwa pazia la maua ya manjano: upande huu kitanda chake, upande ule kochi langu, meza, jiko la mafuta ya taa, na redio ambayo haikuzungumza mpaka ipigwe kofi. Pazia lile halikuzuia neno hata moja. Nikiwa nimelala kochini nilijua maradhi ya kila mama wa mtaa, ni nani hapewi hela za matumizi, na ni mtoto gani wa kanisa ameonekana wapi na nani. Na ni nyuma ya pazia hilo nilipomsikia Shangazi akimwambia Mama Otieno kwamba ameshanitafutia kibarua Industrial Area, kwenye kiwanda cha biskuti, nianze mvua ikipungua. "Ni kupakia tu," alisema. "Kazi ya kukaa chini, tena kwa kivuli." Nilimjua mwanamke mmoja wa kiwanda kile, akiishi Mukuru kwa Reuben na kusali kanisani kwetu. Akiketi, benchi zima lilinukia vanila, na yeye mwenyewe aliniambia kwamba hajala biskuti tangu aanze kazi, na kwamba hata chai ya harusi humtia kichefuchefu.

Mimi nilitaka mlima. Sina maelezo mazuri kuliko hayo. Nilikuwa nimeuona asubuhi moja yenye anga safi, kutoka ghorofa ya juu ya shule yetu, ukiwa mbali kabisa, juu ya mabati na moshi na nyaya za stima, na nikachelewa kuingia darasani, nikachapwa, na maumivu ya kiboko hayakunisahaulisha nilichokiona. Basi niliposikia kwamba katika ukumbi wa mtaa kuna chama cha vijana cha matembezi, nilijiandikisha siku hiyohiyo na kumburuta Halima, rafiki yangu wa shule, ambaye alikubali kwa sababu nyumbani kwao Eastleigh walikuwa wameanza kumtajia wachumba. Kiongozi wa chama alikuwa Afande Mutua, mwanajeshi mstaafu, mwenye mgongo ulionyooka na viatu vinavyong'aa. Tumbo lake tu ndilo lililostaafu kweli. Yeye ndiye aliyetuambia kwamba kuna shule chini ya milima ya Nyandarua inayofundisha waongoza wageni, na kwamba kila mwaka huchukua kijana mmoja kutoka chama chetu, ikimlisha, ikimlaza na kumlipa. Mmoja tu. Atakayechaguliwa atapatikana kwa safari ya miguu msituni, kulala hukohuko, kila mtu na mzigo wake mgongoni. Kwangu mimi hesabu ilikuwa rahisi: nishinde safari ile au nikanukie vanila maisha yangu yote.

Afande alikuwa na sheria moja kubwa kuliko nyingine zote, na aliisema akigonga meza ya tenisi ya ukumbini. "Kitu kikiingia ndani ya begi lako Nairobi, kinarudi Nairobi ndani ya begi lako. Hutupi njiani. Hugawi. Hubebeshi mwenzako. Chakula tu ndicho kinaruhusiwa kuisha." Alisema mtu asiyejua kuchagua mzigo wake mwenyewe hawezi kukabidhiwa wageni. Halafu akatandaza juu ya meza vitu ambavyo kwa maoni yake vinatosha kumweka mtu hai porini: kisu, kamba, kiberiti kilichofungwa ndani ya nailoni, filimbi, tochi, kisufuria kidogo, koti la mvua, blanketi, soksi za kubadilisha. Tulivitazama kwa masikitiko. Vilikuwa vichache mno.

"Ni hivyo tu?" aliuliza Brayo, kijana wa Kaloleni, mrefu na mpole, aliyependa kuuliza.

"Ni hivyo tu."

"Na mto, Afande?"

"Mto wa nini?"

"Wa kulalia."

Afande alianza kurudisha vitu vyake begini. "Utalalia viatu vyako," alisema.

Ni kwa sababu ya jibu hilo, nadhani, Brayo alitilia maanani sana suala la viatu. Jumamosi tuliteremka Gikomba watatu kutafuta vifaa, maana kwenye mitumba ya Gikomba kuna kila kitu ambacho Mzungu amewahi kukichoka. Mimi nilipata shanta la jeshi lenye mikanda mipana, na koti la manyoya ambalo mwenyewe wa kwanza lazima alikuwa pande la mtu, kwa sababu nililivaa pamoja na shuka ndani na bado likabaki na nafasi. Halima hakununua kitu. Baba yake alikuwa akiuza kwa jumla, na vifaa vyake vyote vilikuwa vipya, bado vimo ndani ya plastiki zake; yeye alikuja kutucheka tu. Brayo akasimama mbele ya rundo la viatu. Muuzaji alimsoma mara moja.

"Niaje buda! Cheki hizi njumu," alisema, akiinua viatu viwili vyekundu vya plastiki ngumu, vyenye vibano vya chuma mpaka karibu na goti. "Hizi ni za mlima, si za kuenda kanisa. Ukipiga ndovu teke na hizi, ndovu ndio ataenda hosi."

"Mbona hazikunji?" Brayo aliuliza.

"Unataka ikunjike? Mlima inakunjika?"

Sote watatu tuliona kwamba hapo amesema kitu. Miaka mingi baadaye, nikiwa tayari nimeajiriwa, mgeni mmoja alinionyesha picha zake za kwao na nikaviona viatu vilevile, miguuni mwa watu wanaoteleza juu ya theluji kwa mbao ndefu. Mtu hatembei navyo popote. Hufikishwa juu kwa mitambo, kisha huteremka akiteleza. Lakini siku ile Brayo alivivaa pale sokoni na kutembea hatua chache, bila kifundo wala goti, vibano vikilia kwa-kwa-kwa, na wauzaji wakampisha kwa heshima.

Sasa, kuna jambo ambalo Afande, pamoja na uzoefu wake wote, hakulitia kwenye mafunzo. Kwetu mtu hasafiri na mzigo wake peke yake. Ukitaja tu kwamba unakwenda upande fulani, jioni hiyohiyo utasikia hodi, na kila anayebisha ana mtu wake upande ule ambaye hajapata salamu siku nyingi, na salamu hazitumwi mikono mitupu. Jioni ya kufunga safari nilikuwa nimepanga vitu vyangu mezani kama Afande alivyotufundisha, nimeridhika, shanta limebaki na nafasi ya kupumulia. Shangazi, aliyekuwa akipika sukuma wiki, ndiye aliyeivuruga nafasi hiyo kwanza. Aliongeza pakiti ya unga, akaongeza mwiko, akasema msichana hawezi kwenda mahali pasipo mwiko. Baba wa mlango wa pili akaleta panga.

"La nini, baba?"

"La simba."

"Afande anasema simba huko ni wachache sana."

"Unahitaji wangapi?" aliuliza, naye akakaribishwa chai.

Mama Otieno alikuja mwisho, wakati ugali umeshaliwa na masufuria yamerundikwa. Hakuketi. Alikuwa amekumbatia kitu kilichofungwa ndani ya kanga, na alipokiweka mezani, meza ililalamika. Ilikuwa pasi yake ya makaa, ile kubwa ya chuma yenye jogoo mdogo kwenye komeo, ambayo alikuwa amepigia nguo za watu mpaka akasomesha watoto. Mtaa mzima uliijua pasi hiyo. Hakuwahi kumwazima mtu, hata mke wa mchungaji.

"Nyathina, mwanangu, unaenda upande wa Nyeri?" aliniuliza.

"Naenda msituni, mama."

"Na huo msitu si uko upande wa Nyeri?"

Sikuweza kukana. Mtoto wake wa kwanza, Otieno, alikuwa akifanya kazi kwenye kinu cha mbao kando ya msitu huohuo, na huko ndiko alikooa. Harusi ilifanyika bila Mama Otieno. Mke aliitwa Wangari, jina ambalo kila mtu mtaani alilijua, na ambalo Mama Otieno hakuwahi kulitamka hata siku moja. Tulikuwa tumelizoea jambo hilo kama unavyozoea mlango unaokwaruza. Alikuwa akisema "yule," na sisi tulikuwa tunajua.

"Hii mimi nilipewa na mama ya mzee wangu, siku niliingia kwao," alisema, akiipapasa ile kanga. "Sasa mikono yangu imechoka. Mpelekee yule. Mpe yeye mwenyewe kwa mkono, usimpe Otieno. Nimepiga simu kwa kinu, atakungoja kwa geti ya msitu siku ya kurudi."

"Mama, lakini Afande amesema kitu ambacho—"

"Afande ameshazaa?"

"Hapana, mama."

"Basi."

Alipotoka, Shangazi aliutazama mzigo, akanitazama mimi, akaanza kuosha vyombo bila kuipiga redio yake kofi, na nikajua kwamba yeye pia ameelewa ukubwa wa jambo. Nilitoa blanketi moja na koti langu la manyoya ndipo pasi ikaingia. Leo, ninapowakagua vijana kabla ya safari, huwa naona wamejaza chaja, spika, na viti vinavyokunjwa kama miavuli, na kila mmoja anakuapia kwamba hawezi kuishi bila hicho. Huwaambia watoe, nao hutoa wakinuna. Mimi ile jioni sikuwa na kitu ninachokipenda zaidi ya lile koti, na nililiondoa ili nibebe chuma cha mtu, nikijua kabisa kwamba nikikitoa begini kabla ya kufika Nairobi nafasi yangu imekwenda, na nisipokitoa sitaweza kumtazama Mama Otieno usoni. Nilijiambia siku ya mwisho iko mbali. Katika umri ule, kitu kikiwa mbali ni kama hakipo.

Asubuhi, kabla hatujapanda lori, Afande alikagua mabegi. La Halima lilikuwa jepesi na zuri, isipokuwa mkebe mzito wa nyirinyiri, ile nyama iliyokaushwa na kuhifadhiwa ndani ya samli, ambao mama yake alimfungia pamoja na leso kadhaa. La kwangu Afande alijaribu kuliinua kwa mkono mmoja, akaliweka chini, akalijaribu kwa miwili.

"Nafula, umebeba injini?"

"Hapana, Afande."

Akafungua. Wenzangu wakakusanyika. "Hii ni nini?"

"Pasi, Afande."

"Ya nini?"

"Ya kupiga nguo, Afande."

Lori zima lilicheka, hata dereva. Afande hakucheka. "Unaenda harusi?"

"Nimetumwa na jirani, Afande."

Nadhani hapo alimkumbuka mama yake, kwa sababu aliifunga ile kanga vizuri kuliko alivyoikuta. "Imeshaingia," alisema. "Sheria unaijua. Panda gari."

Sitaeleza kila kilima, maana ninachokumbuka ni visigino vya mtu aliyekuwa mbele yangu. Pasi ilikaa vibaya. Ilichagua uti wa mgongo, hasa mfupa mmoja, na ule mfupa ndio niliotembea nao. Faraja yangu ilikuwa Brayo. Kwenye tambarare alitembea kama kabati linalosukumwa. Kwenye mteremko aliongeza mwendo bila kukusudia, na tulikuwa tukimsikia akipita, "Samahani, samahani, samahani," mpaka mti fulani umpokee. Kabla siku ya kwanza haijaisha alivaa raba zake na kuvitundika vile viatu shingoni, na kwa kuwa sheria ni sheria, vilimgonga kifuani safari nzima, kimoja baada ya kingine. Halima alitembea mbele kabisa akiimba, koti lake jipya likimeta. Nilimchukia mpaka alipogeuka na kunitilia kipande cha nyirinyiri mdomoni bila kusema kitu, mikono yangu ikiwa imeshikilia mikanda.

Halafu mvua ikatukuta kwenye mianzi. Si mvua ya Jericho, ambayo hukupa nafasi ya kuanua nguo. Ilitupiga mchana kutwa, na tulipofika kambini, kwenye uwanja mdogo wenye kibanda cha kupikia chenye mabati na mafiga, hapakuwa na kitu kikavu kwa mtu yeyote isipokuwa kiberiti cha Afande. Begi la kulalia la Halima, lile jipya, lilikuwa limekunywa maji mpaka likawa zito kama mtoto. Afande aliwasha moto, akatutazama midomo inavyotetemeka, na kwa mara ya kwanza niliona kwamba ameanza kuogopa. Sikufikiri kitu chochote cha busara. Nilikuwa na soksi mbichi, nina pasi, na mbele yangu kuna makaa mekundu. Mtoto yeyote aliyelelewa Jericho angefanya nilichofanya. Nilifungua jogoo, nikajaza makaa, nikapuliza, nikageuza gogo kuwa meza, na nikaanza kupiga soksi zangu pasi. Mvuke ulipanda hadi kwenye mabati. Soksi zikakauka.

"Wacha," alisema Halima taratibu. "Wacha, wacha, wacha." Alikuwa ameshavua zake.

Walipanga foleni. Nilipiga soksi, nilipiga fulana, nilipiga suruali za watu wakiwa wamejifunga leso za mama yake Halima kiunoni. Begi la kulalia la Halima nililitandikia leso juu yake kwanza, kama tunavyofanya nguo za nailoni, na likakauka pande zote mbili. Brayo hakusubiri kutandikiwa. Alininyang'anya pasi akabandika soksi yake ya nailoni moja kwa moja, na soksi ikaganda pale chini kama ukoko, ikanuka mpaka sufuria ya githeri ikapata ladha. Tulicheka mpaka damu ikarudi vidoleni. Nilipoinua uso kuona nani amebaki, nilimkuta Afande Mutua mwisho wa foleni, miguu mitupu, ameshika soksi zake za jeshi mkononi, akitazama pembeni.

"Kama nafasi bado iko," alisema.

Nilizipiga vizuri, nikazikunja. Usiku ule nililala nikijua kwamba nafasi ni yangu. Halima aliniambia hivyo, Brayo aliniambia hivyo, na Afande aliniongezea githeri bila kuombwa.

Siku ya kurudi tulifika kwenye geti la msitu kabla ya adhuhuri. Kutoka pale kulikuwa na mwendo mrefu bado, kuvuka mto hadi kituoni, ambapo lori lingetuchukua moja kwa moja hadi Nairobi. Wangari alikuwa ameketi kwenye jiwe kando ya geti. Nilimtambua kabla hajasimama, maana alikuwa amevaa nguo za kanisani, na mtoto mgongoni amefunikwa kofia ya sufu. Alikuwa mdogo kuliko nilivyomfikiria, umri wake hautofautiani sana na wangu. Aliyapitisha macho kwenye nyuso zetu, moja moja, akitafuta ni nani aliyetumwa. Nilimwamkia, nikamweleza mimi ni nani, kisha nikamsihi tutembee wote mpaka kituoni, nimkabidhi kule mwisho kabisa, labda Afande angelegeza kidogo. Alicheka kwa upole na kuonyesha mawingu. "Na huyu mtoto? Nitamrudisha na mvua?" Nikatua shanta. Nikamfungulia kanga. Aliiona pasi na hakuigusa.

"Ametuma kwa Otieno?" aliuliza.

"Amekutumia wewe."

"Alisemaje? Alisema jina langu?"

Nilisikia Afande nyuma yangu akikohoa. "Nafula," alisema, si kwa ukali, "ukiitoa mkononi mwako hapa, unajua."

"Najua, Afande."

Nilimwangalia Wangari. "Alisema, mpe Wangari kwa mkono wake," nilimwambia, na nilidanganya bila kusita, na ningedanganya tena leo. Nikampa. Alijikunja kidogo kwa uzito, kisha akaikumbatia na chuma chote kilichochakaa, na masizi yakampaka nguo yake ya kanisani, akalia. Mimi pia nililia, lakini mimi nilikuwa nalilia mlima. Afande alisimama akitazama miti mpaka tulipomaliza. Kisha tukaendelea, shanta langu likiwa jepesi kupita kiasi, na kituoni akamtaja Halima.

Nilipomletea Mama Otieno habari, alikuwa akichagua maharagwe na hakuacha kuchagua. Nilimweleza kila kitu isipokuwa nafasi niliyoipoteza. Nilimweleza pia kwamba nilisema yeye ametaja jina.

"Nilitaja?" aliuliza.

"Ulitaja, mama."

Aliondoa jiwe moja, akaliweka kando. "Haya. Kama nilitaja, nilitaja."

Nikaenda kupakia biskuti. Yule mama wa Mukuru kwa Reuben hakuwa ametia chumvi. Nilinukia mpaka nyuki wa kanisani wakanifuata, na nyuma ya pazia nikasikia Shangazi akisifu jinsi nilivyotulia. Sikuwa nimetulia. Nilikuwa na hasira na kila mtu: Afande na sheria yake, Halima na sauti yake ya kuimba, na watu wote wenye mizigo ya kutuma. Halima alikwenda huko mlimani na begi lake zuri, na mwezi wa saba, ambao baridi ya kule si ya kuhadithiwa, akarudi kwao Eastleigh na kusema heri wachumba.

Jumapili moja baada ya hapo nilikuta Afande Mutua ameketi kwenye kochi langu, kofia magotini, mbele yake sahani ya ugali na matumbo ambayo Shangazi alimpa kama mtu anayempa mshitakiwa maji. Alikuwa ameshaeleza shida yake. Ile shule ilitaka mtu wa stoo. Mahema yalikuwa yakirudi na maji na kuozea humo, mabegi yalikuwa yameota ukungu, na vijana walikuwa wakitoka na vitu vya ajabu ajabu. Walimwuliza kama anamjua mtu anayeelewa kukausha vitu.

"Nifahamishe vizuri," Shangazi alisema. "Mtoto wangu ulimfelisha kwa sababu ya pasi."

"Ndiyo, mama."

"Sasa unamtaka kwa sababu ya pasi."

Afande alifikiri. "Ndiyo, mama."

"Basi muombe msamaha kwanza, ndio tuongee."

Na aliinuka, akasimama wima kama mbele ya jenerali, kichwa karibu kiguse taa, akaniomba msamaha. Shangazi akanigeukia. Hakuwa amewahi kuniuliza swali la namna ile, kuhusu kazi wala shule wala kitu kingine chochote. "Unataka kwenda?" Nilisema nataka. Nilisema mara nyingi kuliko ilivyohitajika.

Hivyo ndivyo nilivyofika, na ndiko nilikozeekea, nikipokea mahema mabichi na kutoa makavu. Mwezi wa kumi na mbili wa mwaka uleule, nikiwa bado mgeni, nilisikia ugomvi nje ya stoo. Ilikuwa sauti ya Mama Otieno, akilalamika juu ya baridi, juu ya basi, juu ya matope, na juu ya mlima ambao siku hiyo ulikuwa umefunikwa na mawingu kabisa, kwa hiyo aliona hakuna kitu. "Ndiyo hii mlikuwa mnasumbukia?" Alisimama mlangoni amevaa makoti mawili, amembana mtoto wa Otieno kwapani kama mfuko wa unga. Nyuma yake, akiwa na kikapu kinachotoa mvuke, alikuwa mkamwana wake. Mama Otieno alinichunguza, akanishika mkono, akaupima kwa vidole.

"Wangari," alisema bila kugeuka, "huyu mtoto wa watu amekonda. Mpe viazi."

Wangari hakusogea mara moja. Halafu alipiga magoti pale mlangoni, akafunua kikapu, akaanza kunichagulia viazi vikubwa vikubwa, na alichagua kwa muda mrefu, kichwa ameinamisha, ili asiinue uso. Nilivipokea kwa mikono miwili. Vilikuwa moto sana, nami nilivila vyote nikiwa nimesimama.